Meza ya mninga iliyoachia gundi: kukausha mbao na kujitengenezea klampu uani

"Habari fundi. Niko Mikindani, Mtwara, nafanya useremala uani kwa ajili ya nyumba yetu tu. Mwezi wa nne nilinunua mbao nne za mninga, inchi moja kwa nane, nikaziunga kwa gundi nyeupe nipate uso wa meza ya futi nne. Sina klampu, kwa hiyo nilizibana kwa kamba. Gundi ilipokauka nikapigilia uso kwenye fremu kwa misumari ya inchi mbili na nusu, nikapaka vanishi juu. Kufika mwezi wa nane gundi imeachia katikati, ufa unapitisha sarafu, na mbao mbili za pembeni zimepinda, kingo zimenyanyuka juu. Muuzaji aliniapia kwamba mninga hauchezi. Jirani anasema ningezianika jua kali wiki nzima, mwingine anasema nipake oili chafu, mwingine niongeze misumari. Nina randa ya mkono, msumeno, patasi, drili na mizani ya jikoni. Nitajuaje ubao umekauka? Na klampu naweza kutengeneza mwenyewe?"

Ndugu yangu, pole kwa meza. Mambo matatu uliyotaja, yaani gundi kuachia, ufa kupanuka na kingo kunyanyuka, yana chanzo kimoja. Mbao ziliingia kwenye meza zikiwa bado na maji, kisha zikafungwa zisipate nafasi ya kusinyaa. Kubana kwa kamba kulidhoofisha kiungo, lakini hata ungekuwa na klampu za chuma uso ule ungepasuka, kama si kwenye gundi basi pembeni yake. Kwa hiyo tuanze na maji, klampu zitafuata.

Mbao mbichi ina maji ya aina mbili. Kuna yaliyo huru ndani ya vitundu vyake vidogo, na kuna yaliyonywewa na kuta za vitundu hivyo. Mti ukikatwa, maji huru hutoka kwanza, na wakati huo ubao haubadiliki upana. Unapungua uzito tu. Hapo ndipo wengi hudanganyika: wanaubeba ubao, wanauona mwepesi kuliko wiki iliyopita, wanasema umekauka. Maji yakishuka hadi asilimia 28 au 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, kuta nazo huanza kutoa maji yake, na kusinyaa huanzia hapo. Ubao husinyaa upana na unene. Urefu hupungua kidogo mno, waweza kuupuuza. Tena hausinyai sawasawa. Kwa kufuata miviringo ya ukuaji husinyaa takriban maradufu ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Tofauti hiyo ndiyo inayopinda ubao, na kila mara upande uliokuwa wa gome ndio unaobonyea katikati huku kingo zikiinuka. Tazama vichwa vya zile mbao mbili za pembeni. Ukiona miviringo imeinama mfano wa upinde uliofunikwa, basi upande wa gome ulitazama juu, na umepata jibu la kingo zako.

Kukauka nako hakuishii sifuri. Ubao hutulia unapolingana na hewa inayouzunguka. Pwani yetu hewa ina unyevu mwingi, hivyo ndani ya nyumba Mtwara au Lindi mbao hutulia kati ya asilimia 13 na 17 kufuatana na msimu. Ulinunua mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, ukaunga hapohapo. Kisha kusi ikaingia na kiangazi kikaanza, mbao zikaendelea kukauka zikiwa tayari zimepigiliwa.

Sasa kiapo cha muuzaji. Alisema nusu ya kweli. Mninga ni kati ya mbao zetu zinazosinyaa kidogo zaidi, na ndiyo sababu mafundi wanaupenda. Kutoka ubichi hadi ukavu kabisa hupoteza asilimia 3 hivi ya upana. Lakini fanya hesabu: mbao nne za inchi 8 ni sentimita 80. Zikishuka kutoka asilimia 28 hadi 14, yaani nusu ya safari, uso unapungua milimita 10 hadi 12. Misumari ya fremu hairuhusu hata milimita 2, kwa hiyo uso ulipasuka penye udhaifu, na penye udhaifu ni kwenye gundi. Paina yenye upana huohuo ingepungua zaidi ya milimita 25. Hata baada ya kukauka vizuri, uso huo wa mninga utaendelea kutanuka masika na kusinyaa kiangazi kwa milimita 2 au 3, na wa paina 5 au 6. Mchezo huo hauzuiliki kwa gundi wala msumari. Unapewa nafasi.

Ushauri wa majirani tuupime mmoja mmoja.

Jua kali linakausha ngozi ya ubao kabla ya kiini chake. Ngozi inataka kusinyaa, kiini kilichojaa maji kinakataa, na ngozi inachanika nyufa ndogondogo zisizozibika. Pale ambapo haikuchanika inakuwa imekakamaa, na siku utakapourandua upande mmoja, ubao unapinda mbele ya macho yako. Ubao unakaushwa na upepo chini ya kivuli.

Oili chafu isahau kabisa kwenye meza ya chakula. Haikauki, ina uchafu wa injini usiofaa kukaribia mdomo wa mtoto, na gundi wala vanishi haishiki juu yake tena. Watu huipaka kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa, na huko ndiko ilikozoeleka. Misumari zaidi nayo itakuletea nyufa zaidi, kwa sababu nilizoeleza.

Kujua ubao umekauka ni kazi ya mizani yako, ilimradi isome gramu moja moja. Pima sentimita 30 kutoka kichwa cha ubao, kwa kuwa kichwa hukauka upesi na kitakudanganya, kisha kata hapo kipande chenye urefu wa sentimita 2.5 kwa upana wote wa ubao. Ondoa vijinyuzi, kipime palepale, andika. Kama kuna ovena nyumbani au kwa jirani, kiweke kwenye nyuzi 100 hadi 105 bila kuzidisha, na baada ya saa 12 anza kukipima kila saa moja au mbili. Uzito ukigoma kushuka, hapo kimekauka kabisa. Kipande kilichokuwa kibichi chaweza kuchukua siku nzima. Tanuri la mikate lina moto mkali mno, litakichoma. Sasa toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Mfano, kipande kilikuwa gramu 96 na kimebaki 75: tofauti ni 21, gawanya kwa 75, unapata asilimia 28. Ubao huo bado haujaanza hata kusinyaa. Ungekuwa tayari kwa meza ya Mikindani kama kipande hicho kingekuwa na gramu 85 au 86 siku ya kukata.

Bila ovena kuna njia ya polepole ambayo binafsi naiamini sana. Kata kipande cha sentimita 40 kutoka katikati ya ubao mmoja, paka vichwa vyake rangi ya mafuta mara mbili, kiweke ndani ya rundo la mbao zako, na kila Ijumaa kitoe ukipime. Uzito utaporomoka wiki za mwanzo, kisha utapungua kwa gramu chache. Ukikaa palepale wiki tatu mfululizo, mbao zimelingana na hewa ya nje. Ziingize ndani ya nyumba zikae wiki mbili au tatu nyingine kabla hujagusa randa.

Rundo lenyewe ndilo linaloamua kama utapata mbao au kuni. Panga matofali au vipande vya nguzo viinue rundo angalau sentimita 40 kutoka ardhini, na migongo yao yote iwe usawa mmoja, tumia uzi. Ikiwa msingi umepinda, mbao zitakauka zikiwa na mpindo huohuo na hautatoka. Juu yake laza mbao, na kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya inchi 1 kwa inchi 1, vyote unene mmoja, kila baada ya sentimita 45 hadi 60. Kijiti cha tabaka la juu kikae wima sawa na cha chini yake hadi kufika kwenye tofali, na vya mwisho vikae karibu kabisa na vichwa vya mbao. Vijiti vibichi vitaacha michirizi myeusi kwenye mninga, usivitumie. Paka vichwa vya kila ubao rangi ya mafuta au nta siku uliyonunua, usingoje kesho, maana nyufa za vichwa huanza upesi. Juu kabisa weka matofali ya uzito, kisha paa la makuti au bati lililozidi rundo pande zote.

Upepo unapita kati ya vijiti, yaani kukatisha upana wa mbao. Kwa hiyo rundo lilale mashariki-magharibi, ubavu wake upokee kaskazi na kusi. Kama uko karibu na ufuko na kusi inavuma kwa nguvu, tundika magunia upande huo wiki mbili za mwanzo ili kukausha kusiwe kwa pupa. Chungulia chini ya rundo kila wiki: mkondo wa udongo kwenye tofali ni mchwa anapanda. Ukiona unga laini kama wa ngano chini ya ubao, wadudu wako kwenye ule ukanda mweupe wa nje wa mninga. Ukanda huo ukatwe wote kabla ya kuunga, hata kama unapoteza inchi nzima. Kwa ubao wa inchi 1 uliopangwa hivi tegemea miezi mitatu au minne tangu kupasuliwa. Wa inchi 2 huchukua zaidi ya maradufu. Lakini mizani ndiyo inayoamua, kalenda inakadiria tu.

Klampu, ndiyo, utatengeneza mwenyewe, na kwa kazi ya uso wa meza hazitapitwa na za dukani. Chukua mbao kavu ngumu za inchi 2 kwa 3. Mkongo au mtondo unafaa, paina laini itabonyea. Kata tano, kila moja sentimita 120 kwa uso wako wa sentimita 80. Mwisho mmoja funga kigingi cha ubao huohuo chenye urefu wa sentimita 12 kwa bolti mbili za milimita 10 zilizopita hadi upande wa pili, kila moja na washa. Usitumie misumari hapa, itang'oka. Mwisho wa pili toboa matundu jozi jozi, kila sentimita 5, ili kigingi cha pili kihamishike kulingana na upana wa kazi. Kati ya kigingi hicho na uso wa meza zinaingia kabari mbili.

Kabari zikate kutoka kipande kimoja kavu, urefu sentimita 20, upana 4, unene kutoka milimita 5 kwenda 30. Mteremko huo, moja kwa nane, unabana kwa nguvu na haurudi nyuma wenyewe. Ukizidisha mteremko zitateleza utakapozipiga. Zilaze kinyume, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto, nyuso zao za mteremko zikigusana, uzigonge zote mbili kwa wakati mmoja kwa nyundo mbili. Zikipishana hivyo, zinasukuma uso moja kwa moja bila kuupeleka pembeni. Weka kipapi chembamba (kipande bapa cha ubao) kati ya kabari na ukingo wa meza usiachie alama, na funika miti ya klampu kwa mfuko wa nailoni, la sivyo utaiunga pamoja na meza. Klampu tatu zikae chini, mbili juu, kwa kupishana. Zikikaa upande mmoja tu uso utaumuka katikati. Kwa kuunga miguu na viti, tyubu kuukuu ya pikipiki iliyokatwa ukanda wa sentimita 4 inatosha: izungushe kwa kuivuta, kila mzunguko unaongeza nguvu.

Chombo kingine kisichohitaji fedha ni fimbo mbili za kukagulia mpindo. Randua vipande viwili vikavu, urefu sentimita 60, kimo 5, unene 2, ukivibana pamoja ili kingo zilingane. Simamisha kimoja mwanzo wa ubao na kingine mwisho, inama, tazama ukingo wa juu wa cha mbele dhidi ya cha nyuma. Kona moja ikizidi, ubao umejipinda kama parafujo na kona mbili zinazokabiliana ndizo za kurandua. Bandika karatasi nyeupe kwenye fimbo ya nyuma, tofauti ya hata nusu milimita itaonekana.

Kingo za kuunga, zikunje mbao mbili kama kitabu, nyuso za juu zikitazamana, uzibane na kuzirandua kingo zote mbili kwa pamoja. Hata randa ikiinama kidogo, mkao wa ubao mmoja utafuta kosa la mwingine utakapoufunua. Zisimamishe moja juu ya nyingine mbele ya mwanga. Mwanga mwembamba katikati ni sawa, karibu unene wa karatasi mbili au tatu kwa meza ya futi nne, kwa kuwa vichwa hukauka zaidi ya katikati na wewe unataka vibanwe imara. Mwanga kwenye vichwa ni kosa, rudia. Unga siku hiyohiyo uliporandua. Paka gundi nyembamba kingo zote mbili na gonga kabari mpaka matone madogo yajitokeze mstari mzima, kisha simama; ukizidisha utaikamua gundi yote. Iache usiku kucha, na msimu wa mvua ngoja saa 24 kabla ya kurandua.

Kuufunga uso kwenye fremu ndipo meza nyingi zinapofia. Katikati ya kila mbavu fupi ya fremu piga parafujo moja isiyocheza. Kwingine kote kwenye mbavu hizo, tundu la parafujo liwe refu: toboa matundu mawili ya milimita 5 yanayokaribiana, unganisha kwa patasi upate mfereji wa milimita 10 unaoelekea upana wa meza, tia parafujo na washa bila kukaza mno. Uso utateleza juu ya fremu na hautapasuka. Vanishi upake juu na chini, idadi ileile ya mikono. Kupaka juu tu hakukuleta mpindo huu wa sasa, lakini upande mtupu hunywa na kutoa maji haraka kuliko uliopakwa, na kila masika utakusumbua.

Meza uliyonayo haijapotea. Ng'oa misumari kwa kupitishia ubao mwembamba chini ya nyundo, usivunje nyuso. Usijaze ufa kwa gundi na unga wa mbao; mvua ikirudi uso utatanuka na kujaza kwako kutasukuma kiungo kifunguke kwingine. Tenganisha mbao kwa kupitisha msumeno kwenye viungo, zipange kwenye vijiti ndani ya nyumba mwezi mmoja, pima kwa kipande. Zile mbili zilizopinda zipasue katikati kwa urefu. Bonde la ubao hupungua kwa mraba wa upana, kwa hiyo ubao wa inchi 8 wenye bonde la milimita 6 ukiupasua unapata miwili ya inchi 4 yenye bonde la milimita 1.5 kila mmoja, na hiyo randa inaimaliza bila kuula unene wote. Ukiunga upya, pindua mmoja gome juu, unaofuata gome chini. Utapoteza sentimita chache za upana. Meza ya sentimita 74 bado inakaliwa na watu sita.

Ukinunua tena, omba kuona karatasi. Mbao za msitu wa asili husafirishwa kwa kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na tarehe yake, pamoja na ya risiti yako, itakuambia angalau ubao umekaa muda gani tangu utoke porini. Muuzaji asiye na karatasi anakuuzia ubao na kesi.

Kuna mahali ambapo maelezo ya maandishi hayatoshi. Kama fimbo zinaonyesha ubao umejipinda zaidi ya sentimita 1 kwa futi nne, randa ya mkono itakuchosha na kukuharibia. Peleka kwenye karakana yenye mashine ya kurandua, au ulizia chuo cha ufundi stadi cha VETA Mtwara na ofisi ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo), ambako kuna watu wa kukuonyesha kazi kwa mikono. Mashine ya kupasulia usiijaribu peke yako kwa mara ya kwanza, hasa kwa ubao uliopinda, kwani unaweza kubana msumeno na kurushwa kukuelekea. Na unga wa mninga huwasha baadhi ya watu ngozi na kifua. Piga msasa nje, vaa barakoa, na ukianza kukohoa au kubanwa pumzi jioni za siku za kazi, acha msasa na uende zahanati, uwaambie wazi kwamba unashughulika na mbao.